Bilauri Tisa za Meneja

Kinywaji kile kiligharimu shilingi elfu themanini na mia tano. Nimehesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa vidole na ya pili kwa simu, na vidole na simu vikakubaliana, jambo ambalo si la kila siku hapa Bwera. Chupa ya ramu kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka, elfu arobaini na tano. Mananasi mawili, elfu sita. Pasheni, elfu nne. Machungwa, elfu tatu. Ndimu, elfu mbili. Sharubati nyekundu ya duka kubwa la Kasese, elfu tisa na mia tano. Barafu, elfu tano. Boda ya kuikimbiza hiyo barafu kabla haijageuka maji, elfu sita. Zikatoka bilauri tisa. Gawanya mwenyewe: karibu elfu tisa kwa bilauri moja, na bilauri yenyewe mtu mwenye kiu anaimaliza kwa mikupuo minne. Kwa elfu tisa hapa kwetu unakula wali na nyama ya mbuzi siku mbili, na unabaki na chenji ya chai.

Aliyekitengeneza tunamwita Meneja. Hajawahi kuwa meneja wa kitu chochote. Huko Butembo, ng'ambo ya mpaka, alisimama nyuma ya kaunta ya hoteli miaka zaidi ya ishirini, akichanganya vinywaji vya rangi rangi kwa watu wenye dola, mpaka bunduki zilipomfukuza yeye na wale wenye dola kwa siku moja. Wao walikwenda walikokwenda. Yeye alivuka daraja la Mpondwe na mkewe, begi la nguo, na kijiko chenye mpini mrefu kama fimbo ya kuchungia kuku. Godoro aliliacha. Kijiko akakibeba. Ukishajua hilo unamjua nusu.

Mimi nauza matunda. Jumanne na Ijumaa niko soko la Bwera, na siku nyingine napakia pikapu kwenda Kasese, ambako hoteli na nyumba za wageni hununua bila kunusa. Mimi ni Mwislamu, sinywi, na mzee huyu ananiita Haji ingawa safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya Mbarara, kufuata spea ya gari. Nilimsahihisha mara mbili. Mara ya tatu niliona wateja wanaliheshimu hilo jina, nikaacha.

Wateja wenyewe alikuwa akinifukuzia. Alikuja kila Ijumaa, shati jeupe, kitambaa cheupe kimelazwa mkononi kama mtu anayengoja kunawishwa, akainama juu ya mananasi yangu na kuyanusa matakoni, moja baada ya jingine. Hakununua zaidi ya nanasi moja. Kwa nanasi moja alisimama saa nzima.

"Haji, hii ananasi iko inalala."

"Ni elfu tatu, mzee. Ikiamka itakuwa elfu nne."

"Miye niko natafuta ananasi, weye unaniuzia mugonjwa."

"Basi mpeleke hospitali. Elfu tatu."

"Elfu mbili, na ninakufundisha namna ya kuikata."

"Nimeanza kukata mananasi kabla ndevu hazijaota."

"Na mpaka leo unakata kama mutu anachinja."

Mama mmoja aliyekuwa ameshika mananasi matatu mazuri akayarudisha chini, akaenda kwa jirani yangu. Nilihesabu siku hiyo: wateja wanne waliondoka, Meneja akalipa elfu mbili na mia tano, na akaenda zake akiwa ameridhika, kama mtu aliyenisaidia.

Nyumba yake, niseme vyumba vyake viwili, viko nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Mashine ikiwashwa ukuta unatetemeka, na bilauri zake rafuni zinagongana. Yeye bilauri anaziita vere, kama watu wote wa kwao, na anazo kumi na tisa. Zilikuwa ishirini na nne, nitafika huko. Ukimtembelea wakati mashine inasaga, anasimama na kuziegemea kwa mikono miwili huku akiendelea kuzungumza, kama baba anayezuia watoto wasitoroke.

Vifaa vyake ndivyo vilivyonichekesha zaidi. Mtu anayetukana dunia nzima kwa kutojua kuchanganya kinywaji, chombo chake cha kutikisia ni kopo la maziwa ya unga ya watoto. Kipimo chake cha ramu ni kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi. Mirija ni mabua ya majani ya mpapai, yaliyokatwa sawasawa na kuchemshwa. Hata vimwavuli vya kupambia, vile ambavyo wazungu hupenda kuchomeka juu ya bilauri, alivitengeneza kwa karatasi za daftari na vijiti vya meno. Nilikunjua kimoja nikakuta hesabu za kugawanya za mtoto fulani, na mwalimu amezikosoa kwa wino mwekundu.

"Hii haidhuru," akasema. "Mutu hapana kusoma mwavuli."

Na midomo ya bilauri aliipaka chumvi. Si chumvi ya pakiti. Chumvi ya Katwe, ya ziwani, ambayo mimi mwenyewe nilimletea bure kilo moja mwaka jana nilipopeleka machungwa Kabatoro, ndiyo maana haimo katika hesabu yangu ya hapo juu. Nilimpa ile ya daraja la chini, ya kahawia, ambayo wenye ng'ombe hununua. Nilitaka nione kama atajua. Alilamba punje moja, akanitazama.

"Haji, ng'ombe yako inaitwa nani?"

Lakini aliitumia hivyo hivyo.

Alikuwa na maneno yake, na aliyarudia kama katekista. Ndimu haikamuliwi, inaombwa. Barafu ndiyo mgeni wa kwanza kufika na wa kwanza kuondoka. Anayekunywa haraka hakuwa na kiu, alikuwa na haraka. Waragi ya pakiti aliiita dawa ya mbu, na wanaoinywa aliwaita mafundi wa kulala chini. Pombe ya ndizi hakuitaja kabisa, kama mtu anayekataa kumtaja shemeji. Mpaka siku moja, kwenye matanga ya jirani, nilipozunguka nyuma ya mashine kutafuta kivuli, nikamkuta amekaa juu ya gunia na kibuyu cha tonto, pombe ile ile ya ndizi, kati ya magoti, mrija umeingia mdomoni hadi nusu.

"Niko napima," akasema.

"Umepima kiasi gani?"

Akakitikisa kibuyu sikioni. "Robo tatu."

Kanisani alikaa benchi la mbele, hakosi Jumapili. Nasikia kutoka kwa Wakatoliki wenyewe kwamba alimwendea katekista na kulalamika kuwa padri anamimina divai kwa mkono mzito, na kwamba yeye yuko tayari kumwonyesha bila malipo. Katekista hakufikisha ujumbe. Ni kazi gani hiyo, kwenda kwa Mungu na kukagua utumishi wa meza?

Sasa zile bilauri tano. Kulikuwa na harusi Kyarumba, juu milimani, ambako gari linaishia na miguu inaanza. Bwana harusi alimwita Meneja amimine soda, kazi aliyokuwa akiitiwa mara mbili tatu kwa mwaka, kwa sahani ya chakula na nauli. Meneja akaamua kwamba soda ni matusi. Atawapa kinywaji cha matunda, bila ramu kwa sababu wenyeji walikuwa walokole, lakini katika vere, zote ishirini na nne. Akazipanga katika makreti mawili, akazifunga kwa majani ya mgomba, na wanawake wawili wakazibeba vichwani kwenye ile njia ambayo hata mbuzi anaikanyaga kwa kufikiri kwanza. Ishirini na nne zilipanda. Kumi na tisa zilifika. Mwanamke mmoja aliteleza, akateguka kifundo cha mguu. Nilikuwa nyuma yake na gunia la pasheni, nikamwona Meneja akipiga magoti mbele ya kreti.

"Mama ameumia," nikamwambia.

"Tano," akasema. Alikuwa ameshika kipande cha kioo.

Na wageni walipopewa kile kinywaji, chenye rangi mbili na kipande cha chungwa kimekaa ukingoni, wakakinywa kwa adabu, kisha wakauliza soda iko wapi.

Kisa hiki nimekisimulia sokoni mara nyingi, na kila mara watu wamecheka. Ila mwaka jana yule mwanamke aliyeteguka, ambaye huniletea maharage ya kubadilishana na matunda, alinisikia nikikisimulia. Akangoja nimalize. Kisha akasema kwamba Jumamosi iliyofuata baada ya harusi ile, mzee yule alipanda Kyarumba kwa miguu, peke yake, na chupa ya maji ya matunda na mafuta ya kuchulia. Akakaa mlangoni pake mpaka jua lilipopinda, akateremka. Wiki iliyofuata akarudi tena.

"Hukuwahi kusema," nikamwambia.

"Hukuwahi kuuliza. Ulikuwa unacheka."

Nilikasirika kidogo. Mtu ukishamdharau vizuri, umekaa kwa raha na dharau yako, halafu anakuja kukuharibia.

Lakini aliniharibia kiasi tu. Kwa sababu kuna jambo jingine, na hili sikuwahi kumsamehe. Miaka yote hiyo aliyokuwa akizungumzia kaunta na kijiko chake, mkewe ndiye aliyekuwa akikaanga mihogo kando ya barabara ya mpakani, tangu alfajiri. Mihogo ile ndiyo iliyolipa chumba, ikalipa mahindi, ikanilipa mimi nanasi la Ijumaa. Mama huyu ni mtu wa maneno machache na mikono iliyojaa alama za mafuta ya moto. Na Meneja hakumruhusu kugusa kopo. Nilimsikia kwa masikio yangu, siku mkewe alipolisogeza ili afute meza: "Acha hiyo. Hiyo ni kazi ya mutu mwenye alisoma." Mama akafuta meza kulizunguka kopo, na duara la vumbi likabaki pale pale lilipokuwa.

Basi ikawa hivi. Kuna mama mmoja Kasese mwenye nyumba ya wageni, ambaye namuuzia matunda. Tunamwita Mama wa Loji. Amejenga baraza la bustani kwa ajili ya wazungu wanaokuja kupanda mlima, na akaniuliza kama namjua mtu wa kuwafundisha wasichana wake kutengeneza vile vinywaji vya ramu na matunda ambavyo wageni huviomba na kuambiwa havipo. Nikamtaja Meneja. Nikiri: nilimtaja kwa mzaha. Nilimweleza habari za kopo, za vimwavuli, za kifuniko cha kikohozi, nikidhani tutacheka pamoja tuendelee na bei ya pasheni. Hakucheka.

"Anafanya kazi kwa kopo?"

"La maziwa, nyabo."

"Na kinatoka kitu cha kunyweka?"

"Mimi sinywi. Lakini rangi ni nzuri."

Akasema atakwenda kwake mwenyewe, Jumapili baada ya misa, amwone akifanya kazi nyumbani kwake, kwa sababu mtu akiwa ugenini anaigiza. Akimpenda, atampa mshahara wa mwezi na chumba ndani ya ua wa loji, chenye dari na bomba. Nilimpelekea Meneja habari hiyo. Mkewe alikuwa anamenya mihogo, kisu kikasimama. "Chumba na maji?" akauliza. "Maji ndani?" Nikasema ndani. Kisu kikaanza tena, polepole.

Wiki hiyo Meneja aliuza redio yake. Ijumaa akaja kwangu, akasema anataka mananasi mawili. Hakuinama, hakunusa. "Nichagulie weye," akasema, na akalipa elfu sita bila kubishana hata shilingi mia. Nilizihesabu zile noti mara mbili, kisha nikaziangalia juani, nikidhani ni bandia. Zilikuwa halali. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, mimi ninayejidai mjuzi wa watu, lakini nilikuwa nimeshughulika kufurahia bei.

Jumapili mashine ya kusaga haifanyi kazi, kwa hiyo palikuwa kimya. Barafu ilitoka kwa wanawake wa samaki wa Kahendero, kwa maana hakuna mwingine mwenye barafu ya kutosha upande huu. Ilifika ndani ya gunia, juu ya boda, saa tano, na mimi niliyekaa mlangoni niliisikia kabla ya kuiona.

"Mzee, barafu hii inanuka ngege."

"Ngege gani?" Alikuwa ameinama juu yake, pua karibu iiguse. "Hapana. Iko safi."

Mkewe akamtazama. Akalichukua gunia bila neno, akatoka nalo nje kwenda kuiosha. Mmewahi kuona mtu akiosha barafu? Kila beseni moja la maji aliyomwaga lilikwenda na shilingi elfu moja. Nikawa nahesabu.

Akiwa bado nje, Mama wa Loji akafika na dada yake na wasichana wawili wa kazi. Meneja akawakaribisha kwa Kifaransa, ambacho hakuna aliyekielewa, akaagiza bakuli la kwanza la barafu iliyokwisha oshwa, akaanza. Niseme ukweli, mikono yake ilikuwa ya kutazama. Nanasi lilivuliwa ngozi kama koti. Pasheni zilichujwa kwenye kitambaa. Ndimu ziliombwa. Ramu ikapimwa kwa kifuniko, kimoja na nusu kwa kila bilauri, kopo likafungwa na kutikiswa juu ya bega, na hata wasichana, waliokuja na nyuso za kuchoshwa, wakainua vichwa kutazama.

Kisha akafanya lile wanalofanya mafundi wa kazi hiyo: akachovya bua la mpapai, akaliziba juu kwa kidole, akalitoa na tone moja ndani, akalidondosha ulimini. Akafumba macho. "Bado," akasema, akaongeza ndimu. Tone tena. "Bado." Ndimu. Tone. Akageuka kutazama mlangoni, lakini mkewe alikuwa nje na beseni. Akaongeza ndimu nyingine, na kijiko cha kitu kutoka kwenye kibakuli, na sikuwa na uhakika ni kibakuli cha sukari au cha chumvi ya Katwe. Akamimina bilauri nne, sharubati nyekundu ikashuka chini taratibu, kimwavuli kwa kila moja. Zilipendeza.

Mama wa Loji alikunywa kidogo. Dada yake akafumba jicho moja. Msichana wa kwanza akatazama ndani ya bilauri kama aliyeangusha kitu.

"Mzee," Mama wa Loji akasema kwa upole, "hii ni kali kidogo, ama ndivyo inakuwaga?"

Meneja alisimama na kitambaa chake mkononi. Mkewe akaingia na barafu iliyobaki, akaona nyuso nne, akaona bilauri nne zimejaa. Akaweka beseni chini, akafuta mikono kwenye leso, akaenda kusimama nyuma ya mumewe.

"Inarudiwa," akasema. Ni neno moja tu, na alilisema kwa wageni, si kwa mumewe.

Meneja akaanza upya. Safari hii, kila alipochovya bua, alilipeleka nyuma juu ya bega lake, bila kugeuka, na mkewe akalipokea mdomoni. Kisha nikaona mkono wenye alama za mafuta ukimgusa mgongoni: mara moja, akaongeza nanasi, mara mbili, akaacha. Wageni, kwa walipokaa, hawakuona kitu. Mimi niliyekaa pembeni na kikombe changu cha maji ya nanasi tupu nilihesabu: mara saba bua lilikwenda, mara saba mkono ukajibu.

Bilauri hizo nne zilikwisha. Mama wa Loji aliimaliza yake, akachukua na nusu ya bilauri ya dada yake. Ya tisa ilibaki kwenye kopo, Meneja akaimimina na kumpa mkewe mbele ya watu wote, na mama akainywa akiwa amesimama, macho chini.

Nilimsindikiza Mama wa Loji kwenye gari. "Haji," akasema, "kwanza alinipa siki, halafu akanipa asali. Wewe unamjua. Ni fundi, ama ni bahati? Mimi siwezi kulipa bahati kila mwezi. Nitakupigia kesho saa nne, unieleze."

Nikasema kale, sawa, nitamweleza. Nilirudi ndani nikiwa na maneno matamu ya kumsema Meneja, nimeyapanga njia nzima. Nikamkuta anaosha bilauri, peke yake. Mkewe alikuwa nje anawasha moto wa mihogo ya jioni.

"Ameenda?"

"Ameenda. Atapiga kesho."

Akainua bilauri moja, akaitazama dhidi ya mwanga wa dirisha, akairudisha majini ingawa ilikuwa safi.

"Haji, ulimi yangu ilikufa. Ile homa ya mbele ya Pasaka. Pua pia. Sisikii chumvi, sisikii sukari. Ananasi na sabuni iko sawasawa." Alisema kama anayesoma orodha. "Nilifikiri itarudia. Miezi mingi sasa. Mama njo ananionjea. Nilimufundisha usiku mbili, akajua. Miye nilichukua miaka."

Nikachukua kitambaa chake cheupe, kile ambacho hakuwahi kumpa mtu, nikaanza kukausha bilauri. Hakunizuia. Nje mafuta yalianza kulia kwenye karai.

"Weye unajua bei ya bintu," akasema, bila kunitazama. "Nipe shauri. Nimwambie yule mama achukue bibi yangu, miye nifwate nyuma na kubeba vere? Ao ninyamaze, twende vile vile?"